Kompyuta Yetu ya Hindawiya Iliyokuwa Ikizimia

Wenzangu mliokulia Hindawiya, pale Jeddah, miaka ile bei ya mafuta ilipopanda tena na kila mtaa ukajaa winchi za ujenzi, hamna haja ya kuelezwa. Enzi zetu nyumba ya Wazanzibari uliijua kabla hujamwona mwenyewe. Harufu ya pilau ilikupokea kwenye ngazi, na ukiingia ndani hukuti kitu kilichokaa wazi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji ina kitambaa. Mama akikuta kitu hakijafunikwa aliona haya, utadhani mgeni kamkuta mtu hajavaa. Vitambaa vyote alivifuma Bibi, mama yake Mama, kule Unguja, na kila msafiri aliyekuja Umra alibeba kimoja, pamoja na halua iliyofungwa ukili na salamu za watu ambao sisi watoto hatukuwajua hata mmoja.

Sisi tulikuwa na kazi zetu: kuruka kamba juu ya paa mpaka jirani wa chini agonge dari kwa fagio, na kununua balila, zile dengu za siki na achari, tukazila kwenye ngazi ili tusigawane na mtu. Katikati ya raha hizo ndipo ilipoingia kompyuta.

Baba alikuwa dereva wa ofisi moja kule Hamra. Fedha zilikuwa nyingi mjini siku zile, si kwetu, na ofisi zilikuwa zikitupa vitu vizima ili zinunue vipya. Alasiri moja akapandisha ngazi na likompyuta la kijivu, zito kama gunia la mchele, linaloendeshwa na Linux, mfumo ambao wengi hawakuujua. Kaka yangu Nassor, aliyejifundisha mambo hayo kwa vitabu vya kuazima, alilipokea kama bibi harusi. Mama akalitazama, akaenda kabatini, akarudi na kitambaa kipya cha Bibi, kikubwa kuliko vyote, akalifunika mpaka mgongoni.

Mashine ile tuliipa kazi moja tu. Bibi alikuwa anaumwa, na ruhusa ya Mama ya kwenda na kurudi ilikuwa bado iko kwa kafili wa Baba, yule Msaudia aliyemdhamini kazini. Kilichobaki ni simu ya kadi. Mama akishamaliza salamu, akianza tu, "Sasa mama, huo mguu...", kadi imekwisha. Alikuwa akirudi kutoka kibanda cha simu amenyamaza, na akinyamaza Mama basi nyumba nzima ilikosa raha. Ndipo Nassor akaahidi: siku ya Sikukuu Bibi atapelekwa kwenye duka la intaneti kule Darajani, Unguja, na wataongea kupitia kompyuta mpaka wachoke wenyewe.

Tatizo ni kwamba programu ya kuongelea, kwa mashine kama yetu, ilikuja mbichi. Ilikuja kama unga na mayai, kompyuta yenyewe ndiyo iipike. Nassor aliita kazi hiyo kukompaili. Anaianzisha, maandishi yanateremka kwenye kioo kama mvua, sisi tumekodoa macho, halafu ghafla kosa, kimya. Akiianzisha tena, inafia mahali pengine kabisa. Leo mwanzoni, kesho katikati, na siku nyingine inakata roho imebakisha kidogo tu, kioo kimeganda na kipanya hakitikisiki. Mimi nikawa mpiga mbiu: "Nassor! Imezimia tena!"

"Hiyo ina hasidi," Mama akasema. "Kuna mtu kaiona ikipandishwa ngazi."

"Mama, kompyuta haina hasidi. Memori hizo."

Akaondoa kitambaa, akaifungua, akazitoa memori moja moja na kuzisugua kwa raba ya shule. Akazipima: nzima zote. Akashuku faili, akaishusha upya. Akashuku umeme, akatukataza kuwasha pasi. Alipomaliza akaifunga vizuri, Mama akatandika kitambaa chake, Nassor akaianzisha. Ikazimia.

Mama naye hakukaa bure. Akaleta chetezo, akafunua kitambaa ili moshi wa ubani uingie vizuri, akasoma alichosoma. Na wallahi mashine ikaenda! Ikapika siku ile kuliko siku zote. Mama akaridhika, akaondoa chetezo, akafunika. Haikupita muda, ikazimia.

"Mnaona?" akasema. "Moshi ukiondoka tu, anarudi."

Nassor, mtaalamu wetu, akarudi kwenye raba yake. Mimi nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Ikafika alasiri ya mwisho ya mfungo. Kesho Sikukuu, Bibi ameshaambiwa, na programu bado mbichi. Nassor ameinamisha kichwa. Mama yuko mlangoni na unga mikononi. Mara pua zikaanza kufanya kazi, maana mtu aliyefunga, pua yake haikosei: hiliki, samli. Nassor akanusa, akanusa, akafika kwenye kompyuta. Akakinyanyua kitambaa. Chini yake palikuwa na pande la halua kwenye karatasi, limelainika, na samli imeshatambaa mpaka kwenye maua ya Bibi.

Daktari alishamkataza Baba sukari. Sote tukamgeukia. Baba akawa ghafla anatafuta tasbihi yake, nayo imo mkononi.

"Ya wageni hiyo," akasema.

Lakini Nassor hakuwa akimsikiliza. Alikuwa ameweka kiganja juu ya bati na kukiondoa upesi. Likompyuta lilikuwa linaunguza. Kitambaa kilikuwa kimeziba matundu yote ya feni mpaka nyuma, na kazi ya kupika programu ilikuwa ikilichemsha mpaka linazimia.

"Basi, halas," Mama akasema, akakivuta kitambaa. "Likae uchi. Na wewe, mume wangu, tutaongea."

Magharibi ilipoadhiniwa, programu ilikuwa imeiva.

Kesho yake, baada ya sala, sauti ya Bibi ikatoka kwenye spika, inakwaruza lakini ni yake. Mama alilia kwanza. Halafu Bibi akauliza, "Kitambaa changu umekipata? Umekitandika wapi?"

"Kipo juu ya kompyuta, mama. Kila mgeni anakiulizia."

Kitambaa kilikuwa bafuni, kwenye beseni la sabuni. Baba akakohoa. Wakaongea mpaka adhuhuri, mguu ukaelezwa wote.

Wanangu leo simu zao zinamwonyesha mtu mpaka chunusi, na Mama, ambaye sasa ndiye bibi yao, akiwatafuta wanamjibu kwa kidole gumba cha kuchorwa. Mtandao ukisita kidogo wanahema kama waliotoka Makka kwa miguu. Bibi hayupo tena, wala Baba. Mama yuko Riyadh, mtaa wa Suwaidi, kwa Nassor, na simu yake ameifunika kwa kitambaa kile kile kwa sababu ya vumbi. Nikimpigia kwa video, hupenyeza kidole chini yake akapokea, na mimi kwenye kioo sioni uso. Naona nyuzi za Bibi, na kwenye kona doa la samli ambalo halikutoka.

"Mbona kiza?" namsikia. "Nassor, njoo! Simu imezimia!"

Naliangalia lile doa kidogo, kabla sijamwambia atoe kitambaa.