Ukurasa wa Februari

Siku hizi jumbe za simu ndizo zinazotutia moyo, tena kwa kelele, nami nikizisoma humkumbuka Bi Kuwabara Setsuko. Nimemkosa sana yule mama, na sioni haya kusema. Alikuwa mjane wa mji wa Nagaoka, akitafsiri misemo ya Kiingereza kwa lugha yetu katika kiwanda chetu kidogo cha kuchapa kalenda. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake kazini na mpangaji wake wa chumba cha juu.

Kila vuli Bwana Isobe, mwenye kiwanda, alituletea misemo kumi na miwili kutoka Amerika, mmoja kwa kila mwezi. Mwaka mmoja, msemo wa Februari ulisema: "Unaweza! Usikate tamaa!" Februari kwetu ni mwezi wa mitihani ya kuingia chuo kikuu.

Bi Kuwabara alikaa nao wiki nzima. Mwanawe, Takuma, alikuwa ameshindwa mtihani huo mara mbili, na mara zote mbili mama alimsindikiza mlangoni kwa neno ambalo kwetu ndilo tafsiri ya kawaida ya msemo kama huo: "Jikaze." Mara ya pili, siku ya matokeo, kijana hakurudi nyumbani. Alipatikana siku ya nne, kwenye benchi la stesheni ya Niigata. Tangu hapo mama hakuogopa tena mwanawe kushindwa. Aliogopa asirudi.

"Mtu keshajikaza mpaka basi, halafu unamwambia ajikaze," aliniambia huku akifuta mistari. "Si unamwambia hajafanya kitu?"

Jumatatu akampelekea bosi tafsiri yake. Bwana Isobe akaisoma, akavua miwani.

"'Nenda, urudi'? Mama, haya mke wangu ananiambia kila asubuhi. Hata nikienda kununua sigara."

"Nawe unarudi?"

"Narudi. Niende wapi?"

"Basi yanafanya kazi."

"Lakini Wamarekani wamesema unaweza."

"Wamarekani hawatakuwepo matokeo yakitoka, bosi."

Alinung'unika mpaka chai ya saa kumi, kisha akagonga muhuri wake mwekundu.

Februari ikafika, theluji imeziba madirisha ya chini. Takuma aliketi kizingitini akivaa viatu, nami niko ngazini. Mama akampa chakula chake kilichofungwa kwa kitambaa.

"Nenda, urudi," akasema. Nilimwona akijiuma midomo asiongeze neno.

"Nakwenda, nitarudi," akajibu kijana, kama tunavyojibu sote, akatoka.

Mwezi Machi majina ya waliofaulu yakabandikwa. Tulijua kabla ya kuambiwa, maana Bi Maruyama wa jirani, ambaye bintiye alifaulu, alipita njia ya nyuma ili asitusalimie. Bi Kuwabara akapika wali, akaketi karibu na mlango akijifanya anashona. Saa kumi na mbili ikapita, na saa moja nayo ikapita. Wali ukapoa. Nami niliyekuwa nikilipwa kutafuta maneno ya kutia watu moyo nikaufunika kwa sahani.

Saa mbili kasoro robo mlango ukasukumwa kando.

"Nimerudi," alisema Takuma, akabaki amesimama pale pale. "Nimeshindwa tena, mama."

"Umerudi," alisema Bi Kuwabara, akalia mbele yetu bila kuficha uso, kisha akaenda kupasha wali.