Laptopu Iliyofungwa kwa Heshima

Ijumaa alasiri nilikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti na uchapishaji, pale Rodi Kopany. Mbele yangu mama mjane alisubiri kuchapishiwa programu ya mazishi ya mumewe, ambayo yangefanyika kesho yake. Mwenye saiba ni Msabato. Jua likizama, anafunga duka.

Laptopu ilikuwa imekwama baada ya kufungwa kidogo. "Hii ikilala, kuiamsha ni shida," mwenye saiba alisema, akibonyezabonyeza. Kwenye skrini marehemu alitabasamu, lakini mshale haukusonga.

"Toa betri," mteja mmoja akashauri.

"Ipige kidogo," akasema mwingine.

Mwenyewe akashikilia kitufe mpaka ikazima kabisa, akaiwasha upya. Tukangoja huku jua likishuka nyuma ya maduka. Hatimaye mshale ukasonga.

"Ndugu, usiifunge tena," nikamwambia. "Ukiifunga tu, inalala."

"Najua," akajibu.

Mama akapangusa macho kwa leso. "Wanangu, kabla hamjachapisha, tumshukuru Nyasaye."

Tukasimama sote. Mwenye saiba akavua kofia, kisha akaifunga laptopu taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga Biblia, akainamisha kichwa.

Mimi nina hasira za karibu, wasomaji wangu wanajua. Lakini mtu anamgombezaje mwenzake kwa kumheshimu Mungu? Nikauma meno mpaka mama akasema amina.

Laptopu ikafunguliwa. Marehemu akatokea tena, akitabasamu vilevile. Mshale haukusonga.