Chokaa Jichoni mwa Mama

"Maji yatamfaa nini mtu aliyeingiwa na chokaa?" Shangazi aliniuliza. Nilikuwa kidato cha pili, nimeshika ndoo. Mama alikuwa amepiga magoti kando ya tanuru, kiganja kimefunika jicho la kulia.

Nyumbani kwetu Makere tuliishi kwa chokaa. Tulichoma mawe kwa kuni hadi yawe mepesi, kisha tukayamwagia maji ili kuyazima. Yalichemka, yakatoa mvuke, yakapasuka na kuwa unga. Unga huo ulikwenda Kasulu kupaka kuta, na kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipokuwa wazi, magunia mengine yalipelekwa huko kwa ajili ya vyoo. Siku hiyo jiwe moja lilipasuka mapema, likamrushia mama vumbi na chembe usoni.

"Mwalimu alisema jicho linaoshwa," nilisema.

"Yoo! Msikieni msomi wetu. Anataka kumchemsha mama yake kama viazi!"

Vibarua walicheka, kicheko cha watu wenye hofu. Shangazi akaninyang'anya ndoo, akammiminia mama mawese jichoni, akalifunga kwa kipande cha kitenge.

Nilikuwa na tabia ya kubisha kila kitu, lakini hapo nilikwama. Shangazi alikuwa na ushahidi: kila siku sote tuliona maji yakiigeuza chokaa kuwa moto. Mimi nilikuwa na maneno ya mwalimu tu.

Tulipata bodaboda. Njiani, akiwa kati yangu na dereva, mama aliniegemea.

"Nafuu, mwananje, mwanangu. Haichomi tena kama mwanzo."

Nikaamini mawese yamefanya kazi.

Hospitalini Kasulu muuguzi alifungua kitenge, akaguna, akaanza kuosha. Aliosha kwa maji mengi, muda mrefu, akikunja kope na kuokota chembe nyeupe zilizoshikamana na mafuta. Mboni ilikuwa imefifia kama kioo chenye ukungu. Mama hajaona tena kwa jicho hilo. Bado anachekecha chokaa, uso ameugeuzia pembeni.

Nilikuwa chuo kikuu niliposoma kwamba maji mengi, papo hapo, yangepoza joto la chokaa na kuzitoa chembe zile kabla hazijazama. Nikasoma pia kwamba chokaa ikiingia ndani sana ya jicho, huua hata mishipa inayohisi maumivu.