Amekula Vizuri

Katika makao ya wazee ninakofanya kazi, huko Kitisuru, mimi ndiye mkubwa wa wahudumu. Maana yake nawaogesha na kuwageuza wazee kitandani kama wenzangu, ila lawama zote ni zangu. Simu pia ni zangu. Watoto wa wazee wakipiga kutoka ng'ambo, mimi ndiye ninayejibu.

Kuna bibi mmoja tunayemwita shosho, mwalimu mstaafu, ambaye mwanawe hupiga kila siku saa kumi alasiri. Juma lile shosho alianza kukataa chakula. Ukimletea kijiko cha uji anafunga meno, anageukia ukutani. Daktari alimwona, akasema ni uzee. Mwanawe alipouliza, nilimjibu nilivyowajibu wengi kabla yake: "Amekula vizuri. Sasa amepumzika." Sikuona dhambi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu aliye ng'ambo ukimwambia mamake hataki chakula, atafanya nini zaidi ya kukosa usingizi? Hata wahudumu wapya niliwafundisha hivyo: sema bila kusita, kisha uliza habari za hali ya hewa.

Jumapili huwa sina kazi. Chumba changu kiko Dagoretti Corner, juu ya duka la magodoro, na nina kiti kimoja kwa sababu wa kukalia cha pili hayupo. Wiki nzima nashika mikono ya mama za watu. Jumapili nikitoka kanisani hakuna wa kuniuliza kama nimeamka salama, na hilo huniuma, sitadanganya. Basi nikampigia wifi yangu, mke wa kaka, anayemtunza mama nyumbani, upande wa Kakamega.

"Mama anaendeleaje?"

"Amekula vizuri, wifi. Sasa amepumzika. Huko Nairobi mvua imenyesha?"

Nikakaa kitandani. Mkuki kwa nguruwe!

"Wifi, amekula nini?"

Miaka yote hiyo hakuna mtoto wa mzee aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilisikia kuku wa kwetu uani.

"Leo ni siku ya nne hajaweka kitu kwa mdomo," akasema. "Lakini wewe uko huko peke yako. Nikaona nisikusumbue."

Nilitaka kumgombeza. Nikalia tu, naye akanisubiri bila kukata simu.

Jumatatu saa kumi simu ya ofisini ikalia.

"Mum amekula?"

"Hajakula tangu Alhamisi," nikamwambia. "Nilikuficha. Nisamehe."

Akauliza, taratibu, "Sasa ungekuwa wewe, ungefanya aje?"

Nikamwambia mama yangu pia amekataa chakula, begi langu la safari liko hapa chini ya meza, na namngoja tu wa kunipokea zamu.