Siku Mbele, Mwaka Nyuma

Mpaka leo nikiona jina la faili limeanza na siku badala ya mwaka, damu inanichemka.

Zilikuwa zama redio za watu binafsi zilipochipuka kama uyoga, na yetu ilikuwa ghorofani Kijenge. Kila kipindi tulikihifadhi kwenye kompyuta kwa tarehe yake: siku, mwezi, mwaka, kama tulivyofundishwa shuleni. Humo ilikuwemo sauti ya mama yangu. Nilimrekodi kwetu Kikwe akipepeta maharage, akanikaripia niondoe kile kifimbo, yaani maikrofoni yangu, mdomoni pake kabla hajanichapa nacho. Mwaka uliofuata tulimzika. Baba aliniomba kitu kimoja tu, nimletee ile sauti. Nilipoomba kuinakili kwenye kaseti, mkurugenzi aliniambia nisubiri, hiyo ni mali ya stesheni. Mama yangu, mali ya stesheni.

Kisha kompyuta ikajaa. Mkurugenzi akamleta shemeji yake, mtaalamu wa kujipachika, aandike skripti, yaani amri chache za kompyuta, ya kufuta vipindi vya mwaka wetu wa kwanza, kuanzia Januari mosi hadi Desemba thelathini na moja. Nikawaambia skripti haijui kalenda. Inalinganisha majina kuanzia kushoto, kwa hiyo itaangalia siku kwanza, na tarehe kumi na nne ya mwaka wowote itaiona iko kati ya mosi na thelathini na moja. Tubadilishe majina kwanza, mwaka utangulie.

"Sisi Watanzania tarehe tunaanza na siku," mkurugenzi alisema. "Wewe kasome habari."

Shemeji akabonyeza. Miaka yote ikafutika, mama akiwemo. Zilinusurika faili chache za Desemba thelathini na moja za miaka ya baadaye, zilizoangukia nje ya mpaka wake, kwani siku na mwezi vililingana ila mwaka ulizidi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia alikuwa mkuu mwenyewe, na guu lililovunjika ni langu. Nilimporomoshea matusi ambayo mama angenichapa kwayo, nikaacha kazi.

Jumapili nilikwenda Kikwe. Baba alikuwa ameshaweka betri mpya kwenye redio kaseti. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo hakubaki mtu humo?" aliuliza.

"Amebaki mkurugenzi, baba. Anatutakia heri ya mwaka mpya."

Akazitoa betri moja moja, akazirudisha kwenye pakiti yake.