Nafasi ya besi ya Papa Anaclet

Asubuhi hii mkono wangu wenyewe umefungua ukurasa wa kitabu chake mtandaoni, nimsomee Papa Anaclet komenti, kwa sababu ni Jumapili. Halafu nikakumbuka kwamba jana tulimzika. Jamani. Akili yangu inakataa kabisa.

Kwa msiomjua: Papa Anaclet alikuwa jirani yetu hapa Panda, Likasi. Ujanani alikuwa besi, sauti nzito ya chini, katika Les Tendres, vijana wanne wa kambi ya wafanyakazi walioimba soul bila ala yoyote. Sauti tupu, maneno ya Kiswahili.

Mwaka jana alitoa kitabu kuhusu kikundi chao. Yeye alisimulia, mimi nikachapa. Macho yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kila Jumapili baada ya misa nilikaa barazani kwake nikimsomea komenti za wasomaji.

Nilimkuta chai iko tayari. "Banasema nini leo?"

Kijana mmoja aliandika: "Soul bila ngoma? Hiyo ni chorale ya kanisa, Papa!" Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Umujibu: ngoma ilikuwa mikono ya Siméon. Ule muntu akipiga makofi, hata viti bilikuwa binacheza."

Mama mmoja wa Kambove naye: "Papa, umeandika mulitoka mapema kwa sherehe ya ndoa yangu juu mulichoka. Uongo! Tuliwafukuza, mulikuwa munamaliza nyama!"

"Iko kweli," akasema, bila aibu hata kidogo. "Ile nyama ilikuwa muzuri. Umuambie aksanti."

Siméon alikuwa tenor wao, sauti ya juu. Alitaka magitaa, alitaka Lubumbashi. Papa Anaclet hakutaka. Waligombana, Siméon akaenda kulima Kapolowe, na tangu hapo hawakusalimiana tena. Wale wengine wawili walishafariki. Les Tendres walibaki hao wawili tu, kila mmoja kwake, kimya.

Kulikuwa na sheria moja katika kikundi chao, na ndiyo niliyoichapa polepole kuliko kurasa zote. Asiyekuwepo, sauti yake haiimbwi na mwingine. Mmoja akiugua, wenzake walifika mahali pake katika wimbo wakanyamaza, wakamngojea amalize kana kwamba yupo, ndipo wakaendelea. Watu walidhani wamesahau wimbo.

Kitabuni alieleza kwamba hata Siméon alipoondoka hawakutafuta tenor mwingine. Waliimba na pengo lake, mpaka watu wakachoka, wakaacha kuwaita kwenye sherehe.

Hapo ndipo wasomaji walipowaka. "Kiburi hicho ndicho kiliua kikundi." "Mungetafuta mwingine, kazi ni kazi!" Mwalimu mmoja wa Mulungwishi aliwasomea wanakwaya wake ukurasa huo. Nusu walilia, nusu walisema ni upumbavu, na mazoezi yakaisha hakuna aliyeimba.

Nilimsomea zote, na zile kali pia. Alisikiliza akitazama barabara. Kisha likaja swali lake la mwisho, lilelile la kila Jumapili, kwa sauti ya chini kama vile halimhusu.

"Na Siméon?"

"Bado, Papa."

"Haizuru." Lakini chai yake ilikuwa inapoa mkononi.

Nilikuwa nimemtumia Siméon kitabu Kapolowe kwa mkono wa Mama Régine, yule anayeuza nyanya. Aliporudi nilimuuliza kama Siméon alisema neno. "Hakusema kintu! Aliangalia picha ya mbele, akaingia na kitabu mu nyumba. Akaniacha minye mu jua, hata maji hakunipa."

Nikataka kwenda mwenyewe. Papa Anaclet akanikataza. "Umuache, mama. Siméon anasomaka pole pole. Hata mu wimbo alikuwa anatukawisha."

Mimi jambo likiniingia kichwani halitoki. Nilipanda kitandani nalo, nikaamka nalo: je, amesoma? Anajua kwamba walimwachia mahali pake? Sikumwonyesha Papa Anaclet jinsi lilivyokuwa linanila.

Wiki hii alijilaza baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Alikwenda bila jibu.

Jana, kabla jeneza halijatoka, mzee mwembamba aliingia uani, viatu vimejaa vumbi, mfuko wa plastiki kwapani. Ndani yake kulikuwa na kitabu, kurasa zimevimba kwa kufunguliwa sana.

"Iko wapi ule mutoto anamusomeaka Anaclet?"

Wakanionyesha kwa vidole. Nikasimama.

"Minye sina simu ya kuandika," akaniambia. "Komenti yangu niko nayo mu mudomo." Alishika ule mfuko kwa mikono miwili. "Minye nilijua balitafuta mwingine wa kuimba pahali pangu, mama. Miaka yote nilijua vile. Kumbe balinichungia nafasi."

Akaenda akasimama karibu na jeneza. Akaanza kupiga makofi, taratibu sana, na kuimba. Tenor ya uzee, nyembamba, lakini safi.

Akafika mahali, akanyamaza. Makofi tu. Baba mmoja wa kwaya, mwenye sauti nzito, akadhani mzee amekwama, akaingia kumsaidia.

Siméon akainua mkono. "Hapana, baba. Pale iko muntu."

Hata akina mama waliokuwa wakilia walinyamaza. Tukangoja pamoja naye mpaka besi ikamaliza. Ndipo akaendelea na wimbo wake.

Papa Anaclet, leo ni Jumapili na swali lako nalijua. Ndiyo, Papa. Amesoma. Pole pole, kama ulivyosema, na alichelewa kuingia, lakini aliingia.

Komenti nitaendelea kuzisoma, hata zile za nyama. Lala sasa, Papa wangu. Mahali pako hakuna atakayepaimba.