Siku ya Kumtembeza Mama Mkwe

Benta hupumzika Jumatatu peke yake. Siku nyingine zote husimama katika saluni yake ndogo kule Kondele, akisuka watu nywele mpaka miguu ivimbe, na Jumatatu hulala. Ndiyo maana alipoamshwa asubuhi na mumewe, Wakhisi, ambaye tayari alikuwa amevaa viatu, alijua kuna jambo asilolipenda.

"Bosi ameniita, napeleka lori Sondu," Wakhisi alisema. "Mtembeze Mama. Nilimwahidi ataona mji."

"Ulimwahidi wewe, si mimi."

"Tafadhali, Benta. Mwonyeshe ziwa, simba, kila kitu." Akatoka kabla hajajibiwa.

Mama yake Wakhisi alikuwa ameketi sebuleni, kitambaa kichwani, mkoba mapajani. Alikuwa amefika jana yake kutoka Bungoma, mara ya kwanza tangu mwanawe aoe. Hakujua Kijaluo, na Benta hakujua Kibukusu, kwa hiyo walibaki na Kiswahili. Kwa Kiswahili hicho walikuwa wamesalimiana, wakaulizana habari za mvua, wakaishiwa maneno.

Walipanda tuktuk hadi hifadhi ya wanyama iliyo kando ya ziwa. Simba alikuwa amelala chali nyuma ya waya.

"Hii ni mgonjwa?" Mama aliuliza.

"Anapumzika, Mama. Jua ni kali."

"Mimi nimetoka Bungoma kuja kuangalia mtu akilala."

Swala, alisema, ni mbuzi wa miguu mirefu. Tumbili, Mama hakutaka hata kuwatazama. Kwao tumbili ni wezi wa mahindi, na alishangaa kwamba watu wazima wanatoa simu kuwapiga picha.

Benta alijipa moyo kwamba Dunga, kwenye ufuo wa mashua, kungekuwa afadhali. Yeye alizaliwa Asembo Bay, na alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Upepo ulikuwa mzuri, mafunjo yalikuwa yakiyumba, na mwenye mashua, kijana aliyeitwa Dalmas, alinyoosha mkono kwa adabu.

"Karibu, Mama. Leo viboko wako karibu kabisa."

Mama aliutazama ule mkono, akaitazama mashua. "Wako karibu, na unataka niwafuate?"

"Tuna jaketi za kuokoa maisha."

"Kama maisha inataka kuokolewa, basi mimi nibaki hapa."

Dalmas alicheka. Benta hakucheka. "Basi angalia ziwa tu, Mama," alisema. "Angalia vile ni kubwa."

Mama akaangalia. "Ni maji mingi," alisema, kisha akaligeuzia ziwa mgongo, akauliza choo kiko wapi.

Kufikia saa ya chakula, kichwa kilikuwa kinamgonga Benta. Kwenye mkahawa wa pale ufuoni aliagiza samaki, ngege mzima wa kukaanga, yule anayewafanya wageni watoke Nairobi kuja kumla. Sahani ilipofika, Mama aliizungusha polepole mpaka kichwa cha samaki kikamwelekea Benta.

"Ananiangalia," alisema, akaanza kula ugali na mboga. Baada ya tonge la pili akaongeza, "Ugali yenu ni laini."

Benta aliweka tonge lake chini.

"Mama, tangu asubuhi hujaona kitu kizuri hata kimoja. Simba mbaya, mashua mbaya, samaki mbaya. Hili ziwa ndilo lilinilea. Kama shida ni mimi, sema ni mimi, uachane na ziwa!"

Watu wa meza ya pili waligeuka kutazama. Hakuna mtu anayemwambia mama mkwe maneno kama hayo, tena hadharani.

Mama alipangusa vidole kimoja kimoja. "Nani alisema nataka kuona simba?"

"Wakhisi alisema..."

"Wakhisi hakuniuliza. Aliniambia tu, Mama, utaona ziwa. Mimi nilikuja kuona mahali unafanyia kazi. Kule nyumbani wananiuliza, mke wa kijana yako anafanya nini mjini? Nasema ni saluni, na hata mlango yake siijui."

Jua lote lile, tuktuk zote zile, na saluni iko hatua chache kutoka nyumbani kwa Benta.

"Sasa mbona hukusema, Mama?"

"Ulikuwa unakimbia mbele. Ningesema saa ngapi?"

Benta hakujua amkasirikie nani kwanza. Alimalizia samaki peke yake kwa hasira, wakarudi Kondele, akafungua kufuli la saluni.

Mama aliingia taratibu. Akagusa kioo, akainua kile kikausha nywele kikubwa, akachungulia ndani yake, akasimama mbele ya picha za mitindo ukutani kwa muda mrefu kuliko aliokaa kwa simba. Kisha akakalia kiti cha wateja, akavua kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe, zimepungua pembeni.

"Nisuke," alisema.

Siku ya mapumziko! Benta alishusha pumzi, akachukua kitana.

"Unavuta."

"Samahani, Mama."

"Na hii mstari imepinda."

"Haijapinda."

"Imepinda."

Benta akaifumua, akaanza upya. Simu ikalia. Mikono yake ilikuwa na mafuta, kwa hiyo Mama ndiye aliyepokea. Alikuwa Wakhisi, akiuliza kwa furaha kama wameona kiboko.

"Tuko kazini," Mama alimjibu, akakata simu. Kisha akainamisha kichwa na kusema kwamba upande wa kushoto bado umekazwa mno.